Vyungu sita vya Mombasa katika kipupwe cha Nairobi: uchambuzi wa kisa

Chukua nyumba moja upande wa Dagoretti, karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Mwezi wa Desemba familia imerudi kutoka Mombasa na vyungu sita: miasumini miwili, mlangilangi mmoja, mawaridi ya jangwani mawili na mfranjipani mmoja. Vyote vimetoka kitalu kimoja, kila chungu kina ujazo wa lita 12 hadi 15, na hadi Machi mimea yote imenawiri. Asumini zimekuwa zikichumwa jioni za kutosha kutunga kikuba.

Katikati ya Julai hali ni nyingine. Mwasumini wa kwanza umepukutisha majani, umebaki na machache nchani. Wa pili una majani machanga ya manjano, mishipa yake tu ndiyo ya kijani. Mlangilangi umesinyaa na ncha zake ni nyeusi. Waridi moja limeinama upande, shina lake linabonyea kama embe lililopitiliza kuiva. Waridi la pili halina jani hata moja lakini shina ni gumu. Mfranjipani uko uchi kabisa, umesukumwa nyuma ya stoo kungoja siku ya taka.

Kila anayepita anasema baridi imeiua. Baridi imo, ila sehemu yake ni ndogo kuliko inavyodhaniwa, na anayeipa lawama yote huishia kuifunika mimea, kuilisha na kuimwagilia zaidi. Hayo ndiyo yaliyofanyika hapa.

Baridi ya Nairobi si ile ya Ulaya

Mwongozo uliofuatwa ulikuwa wa bustani za Uingereza. Kule adui ni sakitu: maji yaliyomo katika jani huganda, chembe zake hai huharibika, na asubuhi mmea umekuwa mweusi. Ushauri wa kule ni wa kupambana na sakitu: funika usiku, ingiza ndani, weka kando ya ukuta unaotazama kusini.

Kipupwe cha Nairobi kina tabia yake. Kuanzia Juni hadi Agosti upepo wa kusi huleta hewa yenye unyevu kutoka baharini, nayo ikipanda miinuko hugeuka wingu zito linalotanda kutwa. Wingu hilo linazuia jua mchana, na usiku linakuwa kama blanketi. Kwa hiyo joto la Julai hucheza kati ya nyuzi 11 au 12 alfajiri na 21 au 22 alasiri, na siku za ukungu mzito halifiki hata huko. Kipimajoto kilichoning'inizwa penye vyungu hivi kwa usiku kumi hakikushuka chini ya nyuzi 9. Hiyo ni baridi ya kuusimamisha mmea wa pwani usikue. Kuua chembe zake kwa kuzigandisha, haiwezi.

Linaloua ni mambo matatu yakikutana: mzizi wa baridi usiofyonza, jani lisilopata mwanga wa kutosha kutumia maji, na udongo ambao haukauki. Mvua ya Julai yenyewe ni kidogo, manyunyu tu. Lakini chungu kimeingia Juni kikiwa kimelowa kwa mvua za Machi hadi Mei, na hewa ya kipupwe hainyonyi maji. Chungu kilichokuwa kikikauka kwa siku mbili Mombasa huchukua wiki nzima hapa, wakati mwingine zaidi.

Hesabu ya kisa hiki ni rahisi. Kila chungu, isipokuwa viwili vilivyosahauliwa, kilipata nusu lita kila asubuhi kama desturi ya nyumbani. Juni mosi hadi Julai 15 ni siku 45, yaani lita 22 na nusu ndani ya chungu cha lita 15 chenye mmea usiokunywa.

Vyungu viwili vilivyosahauliwa

Hapa ndipo penye ushahidi wenyewe. Mfranjipani ulipopukutisha majani mwezi Juni, kijana wa kumwagilia aliuliza, "Mama, na huu niumwagie?" Akajibiwa, "Huo umeshakufa, achana nao." Ukaachwa chini ya upenu wa stoo, mahali pasipofikiwa na manyunyu. Waridi la pili lilikuwa kwenye ngazi ya upande wa kaskazini, katika chungu cha udongo kisicho na kisahani, na ndoo ilikuwa haifiki huko.

Mimea hiyo miwili imepata usiku uleule, baridi ileile. Kwaruza gome la mfranjipani kwa ukucha: chini yake ni kijani na utomvu mweupe unatoka. Bonyeza shina la waridi lile: gumu kama kiazi kibichi. Hayajafa, yamelala. Huo ni mwenendo wa kawaida wa mimea hii miwili kila inapopata baridi au ukame, na mmea uliolala hauna jani la kupumulia maji, kwa hiyo hauhitaji maji. Waridi la jangwani lenyewe ni mwenyeji wa nyika kavu za nchi hii, na upande wa Tsavo huonekana likichanua pasipo na jani. Maji yake liliyahifadhi shinani.

Laiti mfranjipani ungeonewa huruma na kumwagiliwa, leo ungekuwa umeoza kuanzia chini.

Yaliyoonekana vyungu vilipogeuzwa

Waridi lililoinama upande lilitolewa kwanza. Udongo ulikuwa mwekundu mtupu, ule wa Nairobi unaofaa sana shambani na kuwa kero ndani ya chungu: ukimwagiliwa kila siku hujikandamiza kama tofali. Chini kulikuwa na tabaka la kokoto la sentimita tano, na chini ya chungu kisahani kilichojaa maji. Uvundo ulitoka kabla ya mzizi kuonekana.

Hizo kokoto zinahitaji maneno mawili, maana karibu kila mtu huziweka "ili maji yapite". Hazisaidii. Chukua sponji ya kuoshea vyombo, iloweshe, ishike imelala bapa hadi iache kudondosha. Sasa isimamishe kwa ubavu wake mrefu: maji yanaanza kutoka tena. Sponji ni ileile, kilichobadilika ni kimo. Udongo nao hushikilia tabaka la maji la kimo fulani juu ya sakafu yake, hata tundu likiwa wazi, na maji hayavuki kuingia kwenye kokoto hadi udongo ulio juu yake ushibe kabisa. Ukiweka kokoto umepandisha sakafu, na tabaka lile la maji umelisogeza karibu zaidi na mizizi. Chungu kirefu kinatoa maji vizuri kuliko kifupi kipana. Kokoto zina kazi nzuri zikichanganywa ndani ya udongo wote.

Mwasumini wa kwanza ulikuwa na mizizi ya kahawia. Ukiuvuta mmoja kwa vidole viwili, ganda linachomoka kama soksi na kubakiza uzi mwembamba katikati. Hiyo ndiyo alama ya kuoza kunakoletwa na vimelea wanaopenda udongo uliolowa usio na hewa. Ni karibu nusu ya mizizi iliyokuwa hivyo. Iliyobaki ilikuwa myeupe na migumu. Na hapa ndipo mwenye bustani alipodanganywa na macho: mmea usio na mizizi hunyauka kana kwamba una kiu, ingawa umesimama majini. Akiuona umenyauka, anaongeza maji.

Mwasumini wa pili ulikuwa na mizizi mizuri zaidi. Tatizo lake lilianzia juu. Jani changa la manjano lenye mishipa ya kijani linaonyesha uhaba wa madini ya chuma. Jani zee likianza kuwa manjano ni jambo lingine, mara nyingi nitrojeni. Udongo mwekundu una chuma tele, rangi yake ni ushahidi, lakini mzizi haukuweza kukichukua kwa sababu tatu. Kwanza, mzizi wenyewe ulikuwa wa baridi na umelowa. Pili, maji yalikuwa ya kisima kilichochimbwa kwa mashine. Maji ya chini ya ardhi ya Nairobi huwa na magadi na floraidi nyingi, na magadi hupunguza asidi ya udongo mpaka chuma kisiyeyuke. Tatu, mwezi Juni kila chungu kilipewa kijiko kikubwa cha mbolea ya DAP "ili ipate nguvu ya kushindana na baridi". DAP ina fosfeti asilimia 46, na fosfeti ikizidi hufunga chuma. Mabaki ya punje zake yalikuwa bado yanaonekana juu ya udongo.

Mlangilangi ulikuwa na hali mbaya kuliko yote. Sentimita 50 za juu zilikuwa kahawia chini ya gome, mizizi imebaki robo. Kuvu ya kijivu, kama manyoya ya panya, ilikuwa imeshika majani yaliyokwama kwenye matawi. Hiyo ililetwa na karatasi ya nailoni iliyofunikwa kila jioni na kufunuliwa, siku nyingine, saa nne au haikufunuliwa kabisa. Ndani ya nailoni jasho la udongo liligeuka umande na kudondokea majani usiku kucha.

Ukuta wa upande usiofaa

Kosa hili lina kichekesho chake. Mwongozo ulisema ukuta unaotazama kusini ndio wenye joto, na huko Uingereza ni kweli, jua lao la saa sita mchana liko kusini mwaka mzima. Nairobi iko nyuzi 1 na dakika 17 kusini ya ikweta. Kuanzia nusu ya pili ya Machi hadi wiki ya mwisho ya Septemba jua letu hupita kaskazini. Mwezi wa Juni saa sita mchana limeinama nyuzi 25 hivi kuelekea kaskazini, na tangu linachomoza hadi linatua haliugusi ukuta wa kusini. Ukuta wa mita 3 hutupa kivuli cha karibu mita 1.4 upande wake wa kusini saa hiyo ya mchana, na upenu hukirefusha. Vyungu vinne vilivyougua vilikuwa nusu mita kutoka ukuta huo, tena mahali panapopigwa na upepo wa kusi uso kwa uso.

Waridi lililopona lilikuwa kaskazini kwa bahati tu.

Urefu wa mchana hauhusiki. Hapa mchana ni wa saa kumi na mbili Julai kama Desemba, kwa hiyo taa za kurefusha siku ambazo miongozo ya ng'ambo hushauri ni gharama ya bure. Kinachokosekana ni ukali wa mwanga, na dawa yake ni mahali: sentimita 30 hadi 60 kutoka ukuta wa kaskazini, chini ya upenu, juu ya vipande vitatu vya tofali ili tundu lipumue na sakafu ya saruji isipoze chungu. Kuingiza sebuleni ni kubadilisha baridi kwa giza. Mmea unaosimama mita mbili kutoka dirishani Julai haupati mwanga wa maana.

Tiba, kila mmoja na yake

Kosa la kwanza la matibabu lingekuwa kuhamisha miasumini kwenye udongo mpya Julai hiyohiyo. Mzizi wa baridi hauponi jeraha haraka, na kila unapoupangua unaupunguza. Kilichofanyika ni kidogo kuliko matarajio ya mwenye bustani. Visahani viliondolewa. Kila chungu kiliinamishwa kwa nyuzi 45 juu ya tofali, tundu moja likiwa chini kabisa, kwa saa mbili. Ni ile kanuni ya sponji, kimo kimeongezeka. Kilitoka kikombe kizima cha maji kwenye chungu ambacho hakikuwa kimemwagiliwa tangu jana yake. Kisha sentimita 3 za juu zikakwanguliwa pamoja na punje za mbolea, na udongo ukatobolewa kwa kijiti mpaka katikati, mahali kumi na mbili, ili hewa iingie. Kusafisha chumvi kwa kupitisha maji mengi ni njia sahihi ya kuondoa mbolea iliyozidi, lakini ilibidi isubiri jua la mwisho wa Agosti. Kufanya hivyo Julai ni kumzamisha mgonjwa ili umwoshe.

Kumwagilia kuliachwa kabisa hadi kipimo kiseme. Kipimo ni kijiti cha mshikaki: kichomeke hadi karibu na chini ya chungu, kiache dakika kumi, kichomoe. Kikitoka cheusi au udongo umenata, funga bomba. Kikitoka kikavu hadi nusu, mpe mwasumini lita moja asubuhi, kati ya saa tatu na saa tano, maji ya mvua au ya bomba la jiji, usiloweshe majani. Katika chungu cha lita 15 ilitokea mara tatu tu tangu Julai 16 hadi mwisho wa Agosti. Njia ya pili, nzuri kwa mwenye mkono mzoefu, ni kuinua chungu na kuusikia uzito wake.

Matawi makavu yalikatwa, mabichi hayakuguswa. Kupogoa huamsha machipukizi, na chipukizi la Julai ni laini, jembamba, windo la kuvu.

Waridi lililooza lilihitaji kisu. Vaa glavu: utomvu wake ni sumu ya moyo, na mabaki yasiachwe penye mtoto, mbwa au mbuzi. Kisu kipanguswe kwa spiriti kabla ya kila mkato. Unakata vipande vyembamba kutoka chini kwenda juu mpaka nyama iwe nyeupe yote. Ukiona hata nukta moja ya kahawia, kata tena, maana nukta hiyo ndiyo itakayorudi. Theluthi mbili za shina zilikwenda. Kidonda kikapakwa unga wa salfa, na kipande kikaning'inizwa kichwa juu mahali pakavu penye hewa. Miongozo mingi hutaja siku kumi za kukausha. Kwa unyevu wa Nairobi Julai, weka wiki tatu. Hapa kilining'inia juu ya kabati la jikoni, mbali na mvuke wa sufuria. Kilipandwa mwanzoni mwa Agosti katika mchanganyiko mkavu wa gorogoro moja (kopo la kupimia nafaka) la udongo mwekundu kwa magorogoro matatu ya pumisi, zile changarawe nyepesi za volkano zinazotumiwa na mashamba ya maua ya Naivasha, na halikuonja maji hadi Septemba.

Waridi la pili na mfranjipani havikufanyiwa lolote, ila mfranjipani ulirudishwa mahali pa heshima.

Mlangilangi ulikatwa hadi penye kijani na kuinamishwa kama miasumini. Kusema kweli, ushauri bora ungekuwa kutoubeba kutoka pwani. Mti huu unataka joto la usiku ambalo Mombasa hulipata hata Julai, nyuzi 20 hivi. Dagoretti unaweza kuishi kwa kubembelezwa, lakini ua lake lenye harufu ile halitakuwa jambo la kutegemea.

Septemba

Ishara ya kuanza kazi tena si tarehe. Ni jakaranda za barabarani zinapoanza kuchanua, ambapo wingu limeshapasuka na udongo una joto. Wiki hiyo miasumini ilihamishwa. Kwa chungu cha upana wa sentimita 30, magorogoro mawili na nusu ya udongo mwekundu, moja na nusu ya mboji iliyoiva, mawili ya pumisi iliyochekechwa vumbi. Palipokosekana pumisi, matofali ya kuchoma yaliyopondwa hadi ukubwa wa punje za mahindi hufaa. Mchanga laini wa ujenzi haufai, huziba nafasi za hewa badala ya kuzifungua. Makapi ya mpunga yaliyochomwa ni mazuri, yasizidi sehemu moja kwa tano.

Matawi yalipogolewa theluthi moja, kwa kuwa asumini hutoka kwenye chipukizi jipya. Wiki mbili baadaye, mbolea ya chuma inayoyeyuka majini ilinyunyiziwa majani ya mwasumini wa pili kwa kipimo cha pakiti, jioni, mara mbili. Majani yaliyokwisha kuwa manjano hayakurudi kijani sawasawa. Yaliyofuata yalitoka ya kijani. Mbolea ya kawaida ilianza Oktoba, nusu ya kipimo.

Mwaka unaofuata kazi iko mbele ya kipupwe. Mawaridi na mfranjipani vinaingia upenuni kabla ya mvua za Machi. Mbolea inakoma katikati ya Mei. Vyungu vinahamia ukuta wa kaskazini wiki ya mwisho ya Mei. Bogenvilia na jeraniamu za nyumba hiyo hazihitaji hangaiko lote hili. Wenye bustani mabonde ya juu upande wa Limuru wana kazi ya ziada, nayo si ya Julai: sakitu yao, kama wajuavyo wakulima wa chai wa nyanda za juu, huja Januari na Februari, usiku mkavu usio na wingu, hewa baridi inapoteremka na kutulia bondeni. Huko funika kwa gunia au shuka kuukuu jioni, lisiguse majani, na uliondoe jua linapotoka.

Mwasumini wa pili ulichanua wiki ya tatu ya Oktoba, wa kwanza Novemba na kwa uchache. Mfranjipani ulitoa majani mapya kwenye kila tawi. Kipande cha waridi kina mizizi, bado ni kifupi. Mlangilangi ulikufa Agosti. Chungu chake kilisuguliwa, kikalowekwa nusu saa katika dawa ya klorini sehemu moja kwa maji sehemu tisa, kikasuuzwa na kuanikwa juani siku mbili kabla ya kupandwa kitu kingine.